Muziki, kelele nyeupe, mapigo ya bainaura au ukimya: uchague kipi, na lini

Fungua programu yoyote ya simu inayoahidi usingizi au umakini, utakuta sauti zimepangwa kama dawa kwenye rafu: hii ya kutuliza wasiwasi, ile ya kukumbuka unachosoma, nyingine ya usingizi mzito, na pembeni kuna moja ya hezi 432 (mitikisiko 432 kwa sekunde) inayotibu kila kitu. Karibu zote zimeandikiwa kwamba sayansi imethibitisha. Ni kweli sayansi imepima mengi kuhusu sauti na mwili. Tatizo ni kwamba yaliyopatikana maabara na yaliyoandikwa kwenye programu mara nyingi hayajuani.

Hapa nalinganisha vitu vinne ambavyo watu hukwama kati yake: muziki, kelele ya mfululizo (nyeupe na ndugu zake), mapigo ya bainaura (toni mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila sikio), na ukimya. Ukimya nimeuingiza makusudi. Katika majaribio mengi huwa umekaa pembeni kama kipimo tu, kumbe mara kadhaa ndio ulioshinda.

Vigezo nilivyotumia

Kila kimoja nimekipitisha kwenye maswali yaleyale matano. Ushahidi wake una uzito gani? Kinafanya nini mwilini, na kwa njia ipi? Kinahitaji masharti gani ili kifanye kazi? Kina hatari gani? Kinamfaa nani?

Swali la kwanza ndilo linaloangusha madai mengi, kwa hiyo lina nyongeza yake: walilinganisha na nini? Mtu aliyejilaza nusu saa akisikiliza muziki amefanya mambo matatu kwa pamoja. Amesikiliza, amepumzika, na ameacha kushughulika na simu. Ukimlinganisha na mtu ambaye hakupewa chochote, hutajua ni lipi kati ya hayo matatu lililomsaidia.

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri ni kile cha Mozart. Mwaka 1993 Frances Rauscher, Gordon Shaw na Katherine Ky walichapisha katika jarida la Nature jaribio la wanafunzi 36 wa chuo. Baada ya kusikiliza kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, wanafunzi walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kufikiria maumbo kuliko walipokaa kimya au walipopewa maelekezo ya kutulia. Faida yenyewe ilidumu kama dakika 10 hadi 15, kisha ikayeyuka. Hata hivyo, habari ilipotoka nje ya maabara iligeuka kuwa "Mozart huongeza akili za watoto", na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, akapendekeza bajeti ya kuwapa watoto wachanga rekodi za muziki huo. Watoto wachanga hawakuwahi kupimwa.

Waliokuja baadaye walibadilisha kitu kimoja tu, yaani kile ambacho Mozart analinganishwa nacho. Badala ya ukimya wakaweka hadithi ya kusikiliza, na waliopenda hadithi wakafanya vizuri baada ya hadithi. Mwaka 2001 William Thompson, Glenn Schellenberg na Gabriela Husain waliweka muziki mchangamfu dhidi ya muziki wa taratibu wenye huzuni. Walipozingatia jinsi kila mtu alivyochangamka na kufurahi, athari ya Mozart haikubaki. Kilichosaidia kilikuwa hali ya moyo na uchangamfu, na njia za kuvipata ni nyingi.

Kwanza, kiwango cha sauti

Jambo hili linahusu vyote vinne, kwa hiyo nalimaliza kabla ya kuendelea. Ndani ya kila sikio, kwenye koklea, kuna seli kama 15,000 zenye vinywele ambazo hugeuza mtikisiko kuwa taarifa za neva. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinazoongezeka huzidisha mara mbili nishati inayoingia sikioni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, lakini ukipanda hadi desibeli 90 saa hizo zinabaki 4 tu. Kwa watoto mpaka ni desibeli 75. Mtu anayelala na vipokea sauti masikioni kila usiku hufikisha saa 40 na kuzidi bila hata kuhesabu, kwa hiyo sauti ya usiku inapaswa kuwa chini sana ya hapo. Sauti "ya kutuliza" haina msamaha. Mvua iliyorekodiwa, ikifunguliwa hadi mwisho, huumiza sikio sawasawa na gitaa.

Muziki

*Ushahidi.* Kati ya vinne hivi, muziki ndio uliopimwa zaidi, na kwenye maumivu ndipo uliposimama imara. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio zaidi ya 70 yenye wagonjwa karibu 7,000 waliofanyiwa upasuaji, wakigawanywa makundi kwa bahati nasibu. Waliosikiliza muziki walikuwa na maumivu kidogo zaidi, wasiwasi kidogo zaidi, na walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi. Kusikiliza kabla, wakati wa upasuaji au baada yake hakukuleta tofauti kubwa, na athari ilionekana hata kwa waliokuwa wamelazwa kwa nusukaputi. Kasoro moja haikwepeki: mgonjwa aliye macho anajua kama anasikia muziki au la, kwa hiyo matarajio yake yanaingia kwenye hesabu.

Kwa usingizi, uchambuzi wa mwaka 2022 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 13 ya watu wazima wenye shida ya kulala, jumla ya watu 1,007. Kusikiliza muziki kila siku kuliboresha jinsi walivyouona usingizi wao. Maneno "walivyouona" yana uzito, kwani wengi walipimwa kwa dodoso.

Kwa mazoezi, uchambuzi wa mwaka 2020 uliojumlisha tafiti 139 ulionyesha kwamba muziki huongeza furaha ya mazoezi, hupunguza hisia ya kuchoka na husogeza mbele kiasi uwezo wa mwili. Nchini Finland, Teppo Särkämö na wenzake walifuatilia wagonjwa 60 wa kiharusi. Wengine walisikiliza muziki waupendao kila siku kwa miezi miwili, wengine vitabu vya kusikiliza, na wengine hawakupewa kitu. Kundi la muziki lilirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri zaidi. Utafiti huo, uliotoka mwaka 2008, naupenda kwa sababu ya yale makundi matatu. Kitabu cha kusikiliza nacho humchangamsha mtu na kumwondolea upweke, lakini hakikutosha kufikia muziki.

*Kinachotokea mwilini.* Mambo mawili hutokea sambamba. La kwanza ni la raha. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao mjini Montreal walipiga picha za ubongo wa watu wanaosisimkwa na muziki hadi nywele kusimama, wakaona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, ikitolewa mara mbili: sehemu moja ya ubongo msikilizaji anapongoja kipande anachokijua kinakuja, na sehemu nyingine kinapofika. Kungoja ni nusu ya utamu, ndiyo sababu wimbo unaoujua unaweza kukusisimua kuliko mpya.

La pili ni la mwendo. Luciano Bernardi na wenzake walipima watu 24, nusu yao wanamuziki, wakiwasikilizisha mitindo sita ya muziki. Muziki wa kasi uliharakisha pumzi, ukapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na kasi ilikuwa na nguvu kuliko mtindo au upendeleo wa msikilizaji. Jaribio hilo lina sehemu nyingine ya kushangaza, nitaifikia kwenye ukimya.

Mdundo una kazi yake peke yake pia. Michael Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha mwendo, waliofanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo kwa wiki tatu waliongeza kasi na urefu wa hatua. Sehemu za ubongo zinazosikia mdundo zimeunganika kwa karibu na zile zinazopanga mwendo wa miguu.

*Masharti.* Lengo ndilo liamue kasi. Kwa mazoezi ya nguvu, Costas Karageorghis, ambaye amefanya kazi hii kwa miaka mingi, hupendekeza midundo ya takriban 120 hadi 140 kwa dakika. Kwa usingizi, waliofaidika walisikiliza kati ya dakika 25 na saa moja kila usiku kwa siku kadhaa au wiki, si mara moja tu kisha wakaacha. Na upendeleo wako una nafasi yake, hasa kwenye maumivu na hisia.

*Tahadhari.* Muziki unang'ang'ania. Mwaka 2021 Michael Scullin na wenzake walionyesha kwamba wimbo unaojirudia kichwani huvuruga usingizi, na kwamba toleo la ala tupu la nyimbo zinazojulikana lilikuwa baya zaidi kuliko lenye maneno, pengine kwa kuwa ubongo hujaribu kujaza maneno yaliyokosekana. Wengi hukimbilia ala tupu wakidhani ndiyo salama. Kwenye kusoma hali ni tofauti: hapo maneno ya wimbo ndiyo adui. Tangu miaka ya 1970 majaribio yamerudia kuonyesha kwamba usemi unaosikika pembeni huharibu kukumbuka vitu kwa mpangilio, hata ukiwa wa lugha usiyoielewa, na hata ukiambiwa uupuuze. Utafiti wa Nick Perham na mwenzake wa mwaka 2011 uliongeza jambo ambalo wanafunzi hawapendi kulisikia: muziki wanaoupenda uliwaharibia sawa na wasioupenda.

*Unamfaa nani.* Anayesubiri au kutoka upasuaji, anayefanya mazoezi, aliyetoka kwenye kiharusi, mwenye kazi ya mikono inayochosha kwa kujirudia, na asiyelala kwa sababu ya mawazo, mradi asiwe mtu wa kuganda na wimbo.

Kelele nyeupe na ndugu zake

Kelele nyeupe ni sauti yenye nishati sawa katika kila hezi, ile ya redio isiyoshika stesheni. Kelele ya waridi hupungua desibeli 3 kila oktava unavyopanda (yaani kila hezi zinapoongezeka mara mbili), kwa hiyo inasikika laini, karibu na mvua ya mfululizo. Kelele ya kahawia hupungua desibeli 6, nayo inanguruma chini chini kama maporomoko ya mbali.

*Ushahidi.* Hapa umaarufu umeutangulia utafiti kwa mbali. Mwaka 2021 wachambuzi walipitia tafiti 38 kuhusu kelele ya mfululizo na usingizi, wakakuta ubora wa ushahidi ni wa chini sana na matokeo yanapingana: katika baadhi watu walilala vizuri zaidi, katika nyingine usingizi ulivurugika. Kwa watoto wachanga kuna jaribio linalonukuliwa sana la mwaka 1990, ambapo 16 kati ya wachanga 20 waliosikilizishwa kelele nyeupe walilala ndani ya dakika tano, dhidi ya robo tu ya wasiosikilizishwa.

Matokeo yanayonivutia zaidi ni ya umakini. Göran Söderlund na wenzake nchini Sweden waliona mwaka 2007 kwamba kelele nyeupe iliwasaidia kukumbuka watoto wenye tatizo la upungufu wa umakini, lile linalofahamika kama ADHD, huku ikiwarudisha nyuma watoto wasio nalo. Uchambuzi wa mwaka 2024 ulikubali pande zote mbili: faida ndogo kwa wenye tatizo hilo, hasara ndogo inayokaribia kulingana nayo kwa wengine. Wachambuzi hao hawakupata hata utafiti mmoja wa kelele ya kahawia unaostahili kuhesabiwa, wakati hiyo ndiyo iliyoenea zaidi mitandaoni kama dawa ya umakini.

*Kinachotokea mwilini.* Kazi yake kubwa ni kufunika. Kinachomwamsha mtu usiku ni mruko wa ghafla kutoka kimya hadi kelele, kama mlango kubamizwa au pikipiki kupita, zaidi ya kelele yenyewe. Ukipandisha sauti ya kawaida ya chumba, mruko unakuwa mfupi. Hii ina maana kwamba katika chumba ambacho tayari ni kimya, kelele nyeupe haina cha kufunika. Unaongeza kelele tu.

Kuna habari nyingine inayochanganywa na hii. Mwaka 2013 Hong-Viet Ngo, Jan Born na wenzao nchini Ujerumani waliboresha kumbukumbu za watu waliolala kwa kuwapigia vipande vifupi mno vya kelele ya waridi. Lakini kila kipande kilipigwa kwa kufuata mawimbi ya polepole ya ubongo wa mtu huyohuyo, yakisomwa papo hapo na mashine. Kelele ya waridi inayotiririka usiku kucha kutoka kwenye spika ni kitu kingine kabisa, ingawa wauzaji hutaja utafiti huo kana kwamba ni kimoja.

*Masharti.* Spika iwe mbali na kichwa, sauti iwe ya chini kiasi cha kufunika tu, na ikiwezekana izimike yenyewe ukishalala.

*Tahadhari.* Mwaka 2014 watafiti walipima mashine 14 za sauti zinazouzwa kwa ajili ya usingizi wa watoto. Zikifunguliwa hadi mwisho, zote zilizidi desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vya wachanga hospitalini, na tatu zilizidi desibeli 85 kwa umbali wa sentimita 30. Mashine iliyobanwa kwenye kitanda cha mtoto iko kwenye umbali huohuo.

*Inamfaa nani.* Anayelala kwenye kelele zinazokatika-katika, mwenye tatizo la umakini anayetaka kujaribu, na mwenye mlio masikioni ambao humzidia usiku kukiwa kimya.

Mapigo ya bainaura

*Ushahidi.* Ni mchanganyiko, nami najitahidi nisiyaonee. Jaribio bora ninalolijua ni la mwaka 2005 kwa wagonjwa 108 waliokuwa wakingoja upasuaji. Waliosikiliza sauti yenye mapigo walipungukiwa wasiwasi kwa asilimia 26.3, waliosikiliza sauti ileile bila mapigo kwa asilimia 11.1, na wasiosikiliza kitu kwa asilimia 3.8. Ulinganisho ni wa haki, tofauti inaonekana. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti 22 nao ulikuta faida ya wastani kwenye wasiwasi, maumivu na kumbukumbu.

Kwa upande wa pili, dai lenyewe la msingi, kwamba mapigo huvuta mawimbi ya ubongo yafuate mwendo wake, linayumba. Uchambuzi wa mwaka 2023 ulitazama tafiti 14 zilizopima mawimbi hayo moja kwa moja: 5 ziliunga mkono, 8 zilipinga, 1 ilikuwa katikati. Na mwaka 2020 watafiti wa Montreal walikuta kwamba mapigo ya kawaida, yanayochanganywa kabla ya kufika sikioni, yaliuathiri ubongo kwa nguvu zaidi kuliko ya bainaura, na hakuna kati yao yaliyobadilisha hali ya moyo.

*Kinachotokea mwilini.* Fizikia yake ni ya kweli na ya zamani. Mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove aliieleza katika karne ya 19. Sikio la kushoto likipewa hezi 200 na la kulia hezi 210, msikilizaji husikia pigo la mara 10 kwa sekunde ambalo halipo hewani. Linatengenezwa kwenye shina la ubongo, mahali taarifa za masikio mawili zinapokutana ili tujue sauti imetoka upande gani. Gerald Oster ndiye aliyeyarudisha kwenye mazungumzo ya wanasayansi kwa makala ya mwaka 1973. Kwamba ubongo unalisikia pigo, hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye hatua ya pili: je, kulisikia pigo lenye mwendo wa mawimbi ya ubongo uliolala kunakuletea usingizi?

*Masharti.* Lazima utumie vipokea sauti vya masikioni, kila sikio kwa upande wake. Kwenye spika ya kawaida sauti mbili huchanganyika hewani na hilo halihesabiki kuwa bainaura tena. Toni zenyewe ziwe za chini, kwani zikipanda kupita takriban hezi 1,000 pigo hufifia. Mwenye usikivu hafifu wa sikio moja huenda asisikie kitu.

*Tahadhari.* Hayana hatari kubwa inayojulikana kwa mtu mwenye afya, ila mwenye kifafa amuulize daktari wake kwanza. Hatari ninayoiona mara nyingi zaidi ni ya mfukoni: kulipia kila mwezi kitu ambacho toni mbili tupu zinakifanya.

*Yanamfaa nani.* Mwenye wasiwasi wa muda mfupi, mfano kabla ya matibabu, ambaye muziki haumtulizi au humletea kumbukumbu asizozitaka. Pia anayependa kufanya majaribio bila kutarajia makubwa.

Ukimya

*Ushahidi.* Hakuna wa kuuza ukimya, kwa hiyo watafiti wake ni wachache, ila walichokiona kina uzito. Nilitaja jaribio la Bernardi. Kati ya vipande vya muziki aliingiza mapumziko ya dakika mbili, kama kipimo cha kurudi mwanzo. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi vilishuka chini ya pale vilipokuwa kabla muziki haujaanza. Mapumziko yaliwatuliza watu kuliko muziki wowote wa jaribio hilo, hata ule wa taratibu.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa kugeuza swali: nini hutokea mtu anaponyimwa ukimya? Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichunguza shule moja ya New York iliyopakana na reli ya juu. Watoto wa madarasa ya upande wa treni walikuwa nyuma kwenye kusoma, na kwa darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima, ikilinganishwa na wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Reli ikapunguziwa kelele na madarasa yakawekewa dari za kufyonza sauti, kisha pengo likatoweka. Uwanja wa ndege wa Munich ulipohamishwa mwaka 1992, wanasayansi walikuwa tayari wakiwapima watoto wa sehemu zote mbili. Waliokuwa karibu na uwanja wa zamani waliimarika kwenye kusoma na kumbukumbu, na walioletewa uwanja mpya wakadhoofika.

*Kinachotokea mwilini.* Sikio halifungwi, hata usingizini. Kelele ya usiku huamsha mfumo wa tahadhari wa mwili, homoni za msongo na shinikizo la damu hupanda, na mtu anaweza asikumbuke asubuhi kwamba aliguswa. WHO ilikadiria mwaka 2011 kwamba nchi za Ulaya magharibi hupoteza angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa kelele za vyombo vya usafiri. Kuna pia utafiti wa Imke Kirste wa mwaka 2013, ambapo panya walioishi na saa mbili za ukimya kila siku walizalisha seli mpya kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Inapendeza, lakini ni panya.

*Masharti.* Kupatikana kwake ndiko kugumu. WHO hupendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 za kelele ya mfululizo, na wengi hawana chumba hicho. Vizibo vya masikio, kitanda kilichohamishwa mbali na dirisha na pazia zito vinasaidia, ingawa mngurumo mzito wa chini hupita ukutani.

*Tahadhari.* Kwa mwenye mlio masikioni au mwenye mawazo yanayozunguka, ukimya huyapa hayo uwanja wote.

*Unamfaa nani.* Anayesoma kwa kuhifadhi, anayeandika, mtoto darasani, na yeyote aliyeshinda siku nzima kwenye makelele.

Kulingana na hali yako

*Unataka kulala, na nje kuna kelele.* Anza na vizibo. Visipokufaa, kelele ya waridi kwa sauti ya chini. Muziki usiufungulie usiku kucha.

*Unataka kulala, na kelele iko kichwani.* Muziki wa taratibu usioujua kwa undani, dakika 30 hadi 45, ukizimika wenyewe, kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuamua kama umekusaidia. Ukijikuta unaimba saa nane usiku, hamia kwenye kitabu cha kusikiliza.

*Unasoma au unaandika.* Ukimya kwanza. Ukiwa na uchovu au uvivu wa kuanza, sikiliza muziki dakika 10 kabla, uchangamke, kisha uzime. Hivyo unapata kile wanafunzi wa 1993 walichopata bila kulipia kwa umakini wako. Ikiwa wenzako wanazungumza pembeni na huna pa kwenda, kelele ya mfululizo inafunika maneno yao vizuri kuliko wimbo wenye maneno mengine.

*Una ADHD.* Jaribu kelele nyeupe au ya waridi kwenye kazi moja mahususi, ukipima ulichokamilisha na si jinsi ulivyojisikia.

*Unakwenda kufanyiwa upasuaji.* Muziki wako mwenyewe, na uwaulize wauguzi mapema kama unaruhusiwa kuingia nao. Bainaura ni chaguo la pili lenye heshima yake. Kati ya matumizi yote niliyoyataja, hili ndilo ningelisisitiza zaidi, na ndilo linalotumika kidogo kuliko inavyostahili.

*Unafanya mazoezi.* Muziki wa kasi, na dakika chache za kimya mwishoni ili moyo ushuke.

*Una mtoto mchanga.* Mashine ya sauti iwe upande wa pili wa chumba, chini kabisa, na izimwe akilala.

*Unauguza aliyepata kiharusi au mwenye Parkinson.* Muziki aupendao kila siku haugharimu kitu na unaweza kuanza leo. Kwa kutembea au kurudisha usemi, tafuta mtu aliyesomea tiba kwa muziki. Mazoezi ya mdundo yanapangwa kwa hatua za mgonjwa, na mgonjwa anayefuata mdundo wa kasi kupita uwezo wake anaweza kuanguka.

*Umevutiwa na hezi 432.* Tofauti yake na hezi 440 za kawaida ni chini ya nusu ya hatua moja ya piano, na tafiti zilizopo ni ndogo mno. Ukiipenda sikiliza, usiilipie.

*Una mlio masikioni.* Sauti ya chini ya mfululizo, iwe feni au mvua, huurudisha nyuma wakati wa kulala, na iwe chini kidogo ya mlio wenyewe badala ya kuuzamisha. Lakini mlio ukiwa wa sikio moja tu, au ukidunda sambamba na mapigo ya moyo, au ukija na kupungua usikivu ghafla, nenda kwa daktari wa masikio kabla ya kupakua programu yoyote. Kwa usikivu uliopotea ghafla, matibabu yanayoanza ndani ya siku chache za mwanzo ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi.